Re: Yule jamaa wa Stasi kwenye Das Leben der Anderen mbona haonekani siku hizi?

Mkuu, yule wa hedifoni uliyemuulizia, aliyecheza jamaa wa Stasi (polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki) kwenye ile muvi ya Kijerumani Das Leben der Anderen, anaitwa Ulrich Mühe na huwezi kuona muvi yake mpya maana alishafariki, Julai 2007, kansa ya tumbo, miezi michache tu baada ya ile muvi kubeba Oscar. Inauma sana.

Ila usimchukulie kama mtu wa muvi moja, huyo alikuwa wa jukwaani haswa, kasomea Leipzig, akaanzia mji wa Karl-Marx-Stadt, baadaye akatua jumba la maigizo la Deutsches Theater kule Berlin Mashariki, na 1990 Ukuta wa Berlin ndo umetoka kuanguka akacheza Hamlet chini ya mwongozaji Heiner Müller, shoo ya zaidi ya masaa saba, sijui watu walikaaje! Halafu kumbe enzi za jeshi alishawahi kuulinda ukuta wenyewe. Ndo maana kwenye ile muvi ya Stasi, pale darini anasikiliza watu, uso mkavu kabisa, mpaka lile chozi linashuka, me nasema ile haikuwa kuigiza tu.

Kama una roho ngumu tafuta Funny Games ya 1997, kacheza baba wa familia anayevunjwa mguu mapemaaa. Usiangalie na watoto.