Kutoka Noah kwenda Hiace: majibu ya maswali yenu

Tangu niwaeleze kwamba nimeiacha Noah niliyoishi ndani yake miaka sita na kuhamia Hiace, maswali hayajakoma. Mengi yanatoka huku huku kwetu: Dodoma mjini, Kondoa, Singida, Manyoni. Kwa asiyenifahamu, nauza vitenge na mashuka minadani. Jumamosi utanikuta Msalato, siku nyingine nipo vijijini nafuata ratiba ya minada, na gari ndilo stoo yangu, chumba changu na jiko langu. Sitaweza kumjibu kila mtu, ila haya yameulizwa na wengi. Mbukwenyi, tuanze.

"Mimi na mama watoto tumestaafu ualimu. Tunataka kuizunguka nchi yetu tukiwa bado na nguvu. Tununue Coaster au Hiace?" (Mstaafu, Kisasa)

Shikamoo baba, na mama mfikishie salamu zangu. Kwa watu wawili watakaolala garini kila siku, Coaster ina raha moja ambayo Hiace haitawapa: mtasimama wima. Hiace yangu ni ya paa refu, lakini kutoka sakafuni hadi darini ni kama mita 1.6 tu. Kuvaa, kupika, kutandika, vyote nafanya nimeinama. Kwa magoti na mgongo wa mstaafu hilo si jambo dogo.

Sasa angalieni mnakokwenda. Coaster ndefu inakaribia mita 7. Hiace ya bodi ndefu isiyo pana ina urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7. Kama safari zenu ni za lami, Dodoma hadi Arusha kupitia Kondoa na Babati, au Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera, Coaster haitawasumbua. Mkitaka kuingia ndani kabisa vijijini, ambako njia imezoea ng'ombe na pikipiki, mtaiegesha mbali na kumalizia kwa miguu. Halafu kuna mizani. Gari ambalo uzito wake pamoja na mzigo linaoruhusiwa kubeba ni kuanzia kilo 3,500 linatakiwa kupima, na Coaster iko juu ya hapo, kwa hiyo pale Nala mtapanga foleni pamoja na malori. Hiace kama yangu inapita.

Kwenu nyinyi wawili ningechagua Coaster, kwa sharti moja: msiijaze. Nafasi ikiwepo, vitu navyo vitakuja vyenyewe.

"Hiace nimeshaipata. Kwenye gari la zamani nina kitanda na makabati ya mninga. Fundi anasema anahamishia kila kitu kwa siku mbili. Nimruhusu?" (Nkuhungu)

Usimruhusu. Hili ndilo jibu ninalotamani kila anayehamia gari jipya alisikie, ndiyo maana nitalikalia kidogo.

Lala kwanza ndani ya gari tupu. Wiki mbili zikitimia ndipo umwite fundi. Weka godoro sakafuni, dumu la maji, taa ya kuchaji na begi la nguo, basi. Kila gari lina mahali pake pa joto, pa upepo na pa kelele, na hutapajua kwa kulitazama likiwa uani.

Mimi nilikuwa nimeshachora kitanda cha kulala kwa upana, kama nilivyoona kwa watu wengine. Usiku wa kwanza nikajinyoosha, kichwa bati moja na visigino bati la pili, magoti yamekunjwa. Ndani ya bodi nyembamba upana ni kama mita 1.5, nami nina mita 1.68. Mchoro ule nikauweka pembeni asubuhi ile ile. Siku ya sita nikiwa mnadani nikagundua jambo zuri zaidi: mlango wa nyuma wa Hiace hufunguka kwenda juu, na ukiuinua unapata kibaraza chenye kivuli. Jiko, ambalo nilitaka kuliweka nyuma ya kiti cha dereva, likahamia nyuma kabisa. Leo napika nimesimama nje wima, chini ya mlango wangu, moshi na mvuke vinakwenda zao. Ningekuwa nimeshapigilia makabati, ningeishi na kosa hilo miaka mingine sita.

Pili, mninga. Ni mbao nzuri, hata mimi naipenda, lakini ni nzito, na kila kilo unayoifunga garini unaitembeza kila siku, kwenye kila shimo, huku ukiilipia mafuta. Hata ubao mmoja wa plaiwudi ya milimita 18, ule wa futi nne kwa nane, una kilo 30 na zaidi. Tumia milimita 9 kwenye milango na 12 kwenye kuta za kabati. Ongeza madumu mawili ya maji, kilo 40. Betri ya asidi ya 100Ah, karibu kilo 30. Mtungi wa gesi, godoro, bidhaa zako na wewe mwenyewe. Ukimaliza, tafuta ghala la nafaka lenye mizani ya magari, omba upime, kisha linganisha na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Na matairi yaangalie kabla ya pazia na rangi. Hiace hutaka tairi za kubebea mzigo. Ubavuni utaona namba kama 107/105, na hiyo 107 maana yake ni kwamba tairi moja linabeba kilo 975. Tairi la gari dogo linaweza kuingia kwenye rimu bila kuwa na nguvu hiyo. Soma pia namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kung'aa kama jipya huku umri umekwenda, na lami ya kwetu saa nane mchana hailihurumii.

"Nataka friji ndogo, feni na kuchaji simu. Sola ya ukubwa gani itanitosha?" (Kijana wa Manyoni)

Mdogo wangu, shika kalamu. Friji ya volti 12 ya lita 40, mota yake ikizunguka, inakula kama wati 45. Kwa joto la huko kwenu hesabu kwamba itazunguka nusu ya siku, saa 12, hivyo ni wati-saa 540. Feni, taa na simu weka 150. Unakaribia 700 kwa siku.

Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua zuri inatoa 1,000 kwenye karatasi. Toa joto la paneli, vumbi na kinachopotea kwenye waya, utabaki na 700 hadi 750. Inatosha kwa kujibana, ila siku mbili za mawingu ya Januari zitakulaza bila friji. Ukiweza weka wati 300. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, maana itakufa mapema. Ya lithiamu inakubali kutumika asilimia 80 na uzito wake haufiki nusu, lakini haipendi joto. Kumbuka injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo betri peleka nyuma. Na kuanzia Julai, vumbi likianza, futa paneli kila asubuhi kwa kitambaa kibichi.

Sasa fyuzi. Fundi wa kwanza aliyenifungia sola kwenye Noah hakuweka hata moja. Usiku mmoja nikiwa Mtera nikaamshwa na harufu ya mpira unaoungua, kali kuliko ya samaki waliokuwa wakikaushwa jirani. Nikawasha tochi. Waya mnene wa betri ulipitishwa kwenye tundu la bati bila kuvalishwa kitu. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeukwangua taratibu hadi shaba ikatokeza, na kila ulipogusa bodi ulitoa cheche. Godoro langu lilikuwa shubiri moja kutoka hapo. Nilichomoa betri kwa mikono inayotetemeka, nikakaa nje hadi alfajiri.

Kwa hiyo: fyuzi iwe karibu kabisa na betri, upande wa chanya, haizidi shubiri moja. Kila waya unapopita kwenye bati, weka mpira kwenye tundu. Fundi akikwambia si lazima, mlipe alichofanya na utafute mwingine.

"Singida kuna upepo na baridi Juni na Julai. Nikiweka jiko la mkaa ndani dakika chache, nikaacha dirisha wazi kidogo, kuna ubaya?" (Singida)

Ndugu yangu, usifanye hivyo hata mara moja. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, bado unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozi mtu. Unasikia kichwa kizito, unadhani ni uchovu wa safari, unalala na huamki. Kuna familia zimezikwa kwa sababu ya jiko lililoingizwa chumbani, na gari ni dogo kuliko chumba chochote. Hilo dirisha haliwezi kukuokoa.

Jaza maji ya moto kwenye chupa, izungushie kanga, iweke miguuni. Vaa soksi, blanketi mbili, na kipande cha zulia chini ya godoro, kwa sababu baridi kubwa inatoka kwenye bati la sakafu. Na gesi pia uwe nayo makini: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, palepale unapolala. Mtungi wangu unakaa kwenye kisanduku chenye tundu chini linalotokea nje, na kila usiku nafunga koki yake.

"Maji ya kunywa unachemsha tu?" (Iramba)

Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi chumvi wala floridi, na maji yakipungua kwa kuchemka, floridi inazidi kukolea. Visima vingi vya Singida vina floridi nyingi. Ukitumia maji ya huko kwa muda mrefu, hasa ukiwa na watoto, kinga ya mvua kwenye dumu safi au nunua ya kunywa. Ya kisima yabaki ya kuoga na kufulia.

"Nikitoa viti nikaweka kitanda, trafiki watanikamata?" (Area C)

Kadi ya gari inaeleza aina ya bodi na idadi ya viti. Ukiving'oa, kadi inasema hivi na gari linasema vile. Nenda TRA uulize utaratibu wa kubadilisha taarifa kabla fundi hajagusa bolti, kisha gari likakaguliwe. Bima nayo: mweleze wakala waziwazi kwamba unalala na kupika humo, na alichokubali akiandike. Kulipia bima kubwa miaka yote halafu siku ya ajali ukaambiwa matumizi hayakutajwa, inauma mno.

"Dada, mimi ni mwanamke na nitakuwa peke yangu. Usiku unaegesha wapi?" (Kondoa)

Mdogo wangu, nafurahi umeuliza kabla ya kuondoka. Kanuni yangu ni kufika kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kijijini naanzia kwa mwenyekiti au mtendaji, natoa kitambulisho, nasema nimetoka wapi, nitalala siku ngapi, nauza nini. Sijawahi kufukuzwa. Mara nyingi naelekezwa kwenye kaya ya watu, nami nafika na kilo ya sukari. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani na Kolo, kule kwenye michoro ya miambani, alinigongea kioo alfajiri ameshika kikombe cha uji wa mtama. "Umelalaje ndani ya bati, mwanangu?" Hadi leo nikipita njia ile lazima nisimame kwake. Gari linalojulikana ni la nani linalindwa na kijiji kizima. Lililojificha porini halina mlinzi.

Mjini natafuta gesti yenye uzio, nalipia kuegesha na kuoga, au kituo cha mafuta kinachofanya kazi usiku kucha chenye mlinzi. Gari naliegesha kichwa kikielekea njia, ufunguo unakaa mahali pamoja tu, na mtu mmoja nyumbani anajua nilipolala.

Sehemu za kukwepa ni makorongo. Mto wa mchanga mkavu unavutia, tambarare na laini, lakini mvua inaweza kunyesha milimani Mpwapwa huku juu yako kuna nyota. Waulize watu wa Gulwe na Godegode ni mara ngapi maji yameing'oa reli ya kati. Udongo mweusi wa mbugani nao, kama ule wa Bahi, ukilowa usiku mmoja unakushika wiki. Chini ya migunga kuna miiba, na miiba ni pancha. Usitegemee kivuli cha mbuyu kiangazi, kwani majani yote huanguka na Septemba kinabaki cha shina. Tafuta mwembe.

"Noah uliiuza kabla au baada ya kununua Hiace?" (wengi)

Baada. Zile wiki mbili za kulala kwenye gari tupu nilihitaji pa kuwekea mzigo, na Noah ndiyo iliyonihifadhia. Ukiweza kuvumilia mwezi mmoja na magari mawili, vumilia. Ila siku ya kuuza, mwende na mnunuzi mbadilishe umiliki, usikubali "nitafanya wiki ijayo", kwa sababu faini za barabarani zinafuata namba ya gari, na namba hiyo bado ina jina lako. Sisi tulisaini kwa wakili asubuhi, TRA mchana, ndipo nikampa ufunguo wa pili. Pesa yake ilinunua matairi manne na betri.