Kipite Tanurini Kwanza, Ndipo Kikatwe

Kazi yangu hapa Ujerumani ni kuchapisha vipande vya metali kwa leza, na kosa lililonifunza kuliko mengine yote nililifanya Ijumaa moja jioni, mteja akiwa anasubiri. Kilikuwa kishikio cha titani chenye urefu wa sentimita 14, chembamba kama mpini wa kijiko, na mashine ilikimaliza salama. Tanuri lilikuwa limejaa kazi ya mwenzangu. Nilipokiona kimenyooka juu ya bamba lake la msingi, lile ambalo kipande huchapishwa kikiwa kimeshikamana nalo, nikajiambia hakina tatizo, nikakipeleka kwenye mashine inayokata kwa waya na cheche za umeme ili kitenganishwe na bamba. Waya ulipofika katikati niliona upenyo wa mkato, ambao ulipaswa kuzidi unene wa waya wenyewe kidogo tu, ukizidi kupanuka nyuma yake. Ncha ya kishikio ilikuwa ikijiinua taratibu kama jani linalokauka juani. Tulipokipima kilikuwa kimebenuka milimita 1.8, na hapo hakikuwa na kazi tena ila kutupwa pamoja na chuma chakavu.

Kilichokibenua hakikuwa waya. Leza huyeyusha unga wa metali tabaka kwa tabaka, kila moja likiwa na unene wa mikromita 30 hadi 60 hivi, na kidimbwi cha metali iliyoyeyuka hupoa kwa kasi ya nyuzi laki kadhaa, hata milioni moja, kwa sekunde. Metali hiyo inapopoa hutaka kusinyaa, lakini imeshashikamana na tabaka la chini lililoganda mapema, ambalo haliiachii. Kwa hiyo ile ya juu hubaki imevutwa na ya chini hubaki imebanwa, na mvutano huo hurudiwa mara maelfu hadi kipande kikamilike. Ndio mkazo uliosalia, unaokaa ndani ya kipande ingawa hakuna mzigo wowote uliowekwa juu yake.

Aliyewahi kuchomelea mageti anaujua, hata kama hajawahi kuuita kwa jina. Nilipokuwa nikijifunza kazi katika eneo la Gerezani, Dar es Salaam, fundi wangu alinikataza kabisa kumaliza upande mmoja wa fremu kabla ya mingine. Nilitakiwa kushika pembe zote kwa nukta ndogo, kisha niruke kutoka kona moja hadi ile inayoitazama, la sivyo geti zima lingevutwa upande. Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Mwaka 2006 Peter Mercelis na Jean-Pierre Kruth wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kipande kikiwa bado kimeshikwa na bamba la msingi hubeba mkazo mkubwa, na kwamba kikitenganishwa nalo sehemu ya mkazo huo hujitoa kwa kukipinda. Kunyooka kwake juu ya bamba, basi, si ushahidi wa chochote, na ndiyo maana ninasisitiza kwamba kipande na bamba lake viingie tanurini pamoja, vikiwa bado kitu kimoja, ili joto liulegeze mkazo huo kabla ya kukata. Aloi ya alumini yenye silikoni asilimia 10 kwa kawaida hupewa nyuzi 300 za Selsiasi kwa saa mbili. Titani iliyochanganywa na alumini na vanadi huhitaji nyuzi 650 hadi 800 kwa saa mbili hadi nne, ndani ya ombwe au gesi ya agoni, kwa sababu titani yenye moto humeza oksijeni na kufanya ngozi ngumu inayopasuka upesi. Kabla ya hapo ondoa unga wote uliojificha kwenye mashimo na mifereji, maana ukishaokwa humo hautoki tena.

Tanuri, hata hivyo, haliwezi kuokoa kipande kilichopata ufa usiku mashine ikiwa bado inafanya kazi. Epuka matabaka mapana na bapa kwa kukilaza kipande kimshazari, na usibanie nguzo za kukishikilia, kwani hizo pia huondoa joto. Mistari ya leza iwe mifupi, na mwelekeo wake uzungushwe nyuzi 67 kila tabaka ili mivuto isijipange upande mmoja.

Siku hizi kwenye kona ya bamba huchapisha pia kipande kidogo chenye meno kama kichana, nikakata meno yake kabla ya bamba kwenda tanurini, kisha nikapima mgongo wake umejiinua kiasi gani. Wenzangu waliona ni kupoteza unga, hadi siku kichana kilipojiinua karibu mara mbili ya kawaida. Tulipofungua mipangilio ya mashine tukakuta sasisho la programu limerudisha ule mzunguko wa nyuzi 67 kwenye sifuri.