Kisu cha kufuliwa kwa mkono cha Japani: jina lililochongwa si lazima liwe la mhunzi

Mkuu aliyeuliza anataka kununua kisu cha jikoni cha Kijapani kilichofuliwa kwa mkono, ameona bei ziko juu, na anataka kujua amwamini mhunzi gani, maana kila kisu kimechongwa jina. Wakuu walionitangulia wamemtajia majina. Mimi nitamjibu kwa kuzunguka kidogo, kwa sababu swali lenyewe linachukulia kwamba kisu kina fundi mmoja, na mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu.

Mimi ni mtu wa Marangu, Kilimanjaro. Wahunzi wa Mamba, majirani zetu, nimewaona tangu utotoni: mtu anawasha makaa, anavukuta, anafua, ananoa, anatia mpini, na kisu kinatoka kwake kikiwa tayari. Nilipokwenda Osaka masomoni nilienda na picha hiyo kichwani. Jioni nilikuwa nafanya kazi kwenye jiko la mgahawa wa samaki. Mwaka wa kwanza niliosha vyombo, wa pili nikaruhusiwa kuparua magamba na kumenya mboga.

Siku moja nilichukua usuba wa mpishi mkuu, kisu cha mboga chenye makali upande mmoja tu, chembamba sana, nikapasulia boga. Maboga ya kule yana ganda gumu. Kisu kilinasa katikati, nikakipinda ili kitoke. Kilitoka, lakini makali yalikuwa yamemeguka pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Nilikosa hata pa kutazama. Mpishi mkuu hakunifokea. Alikifunga kwenye gazeti, akasema siku yako ya mapumziko kipeleke Sakai mwenyewe, na usiondoke mpaka umeona kinavyotengenezwa.

Sakai uko kusini tu mwa jiji la Osaka. Unapanda tramu ya Hankai pale Tennoji, unavuka mto Yamato, umefika. Nilitegemea kukuta moshi na nyundo. Nilielekezwa kwenye kichochoro cha nyumba za kawaida, na nilichosikia ni mvumo wa jiwe linalozunguka. Ndani kuta zilikuwa za kijivu, zimerukiwa na tope la jiwe miaka na miaka. Mzee alikuwa amekaa kwenye ubao mbele ya cherehe kubwa linalomwagikiwa maji, bapa la kisu limebanwa kwenye kishikio cha mti, analikandamiza kwa uzito wa kiwiliwili chake chote.

Alipokea kile kisu, akakigeuza upande wa nyuma, akakitazama dhidi ya taa. Kisha akanitajia jina la aliyekifua. Jina hilo halikuwa lile lililochongwa kwenye bapa. Nilimwuliza kama kisu ni cha bandia. Akasema hapana kijana, lililochongwa ni la duka. Aliyekifua anakaa mitaa miwili kutoka hapa, na aliyekinoa mara ya kwanza ni mimi.

Basi mkuu, ndivyo Sakai walivyogawana kazi. Mhunzi hufua bapa na kulifanya gumu, akaishia hapo. Bapa likiwa bado jeusi, nene, halina makali hata ya kukata karatasi, hupelekwa kwa mnoaji, na kwake kunoa ni kazi ya maisha yake yote. Akimaliza linakwenda kwa wa mpini. Juu yao wote yuko mwenye duka la jumla, anayeagiza, anayejua bapa la mhunzi yupi linamfaa mnoaji yupi, na mara nyingi ndiye anayekagua na kuchonga jina. Kisu ulichokiona dukani kimepita mikono ya watu watatu au wanne.

Nilirudi Sakai mara nyingi baada ya hapo, na mzee alinipeleka hadi kwa mhunzi wake. Visu vingi vya kule huunganishwa kwa vyuma viwili: chuma laini, na kipande cha feleji ngumu kitakachokuwa makali. Feleji inayopendwa hutoka Yasugi, mkoa wa Shimane, na huitwa karatasi nyeupe au karatasi ya bluu, kwa sababu ya rangi ya karatasi iliyotumika kuitambulisha. Nyeupe namba 2 ina kaboni kama asilimia 1.1. Ndiyo maana inashika makali vizuri, na kwa kuwa haina kromiamu ya kuikinga, ukiiacha na maji inashika kutu upesi. Mhunzi hunyunyiza unga wa boraksi na chuma katikati, hupasha moto, hugonga, na vyuma vinashikamana bila gundi wala msumari. Kisha bapa hulazwa kwenye majivu ya mabua ya mpunga lipoe polepole. Ukiharakisha hapo, chuma hakitulii.

Kutia maji, yaani kulichovya bapa la moto majini ili liwe gumu, ndiyo saa niliyoshika pumzi. Bapa linapakwa tope jembamba na kukaushwa, kwa sababu chuma kitupu kikiingia majini kinajizungushia mvuke na kupoa kwa mabaka. Taa zikazimwa. Sikuelewa mpaka nilipoona: mhunzi anasoma joto kwa rangi, na mwanga wa mchana unamdanganya. Alilitazama likipanda kutoka wekundu wa damu hadi rangi anayoijua yeye, karibu nyuzi 800, akalichovya. Sauti ni fupi kuliko unavyodhani. Baadaye hurudishwa kwenye joto dogo lisivunjike kama kioo. Vile vya honyaki, ambavyo ni feleji tupu bila chuma laini, vingine hupasuka humo humo majini na kazi yote imekwisha. Sehemu ya bei yake ni vile vilivyokufa.

Sasa nirudi kwa mnoaji, maana huyu ndiye ambaye watu wa mitandaoni hawamtaji kabisa, na inaniuma. Mhunzi ana moto, ana cheche, anapigwa picha. Mnoaji ana tope na maji ya baridi. Lakini umbo unaloliona, ule mteremko wa makali, ule ushimo mwembamba upande wa nyuma unaofanya kipande cha samaki kiachie badala ya kunata, vyote ni vya mnoaji. Jiwe linapokula chuma, bapa hupindika. Kwa hiyo kila baada ya muda mzee alikuwa analiinua, analitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga, anaona mahali palipovimba kwa upana wa unywele, analilaza kwenye gogo na kugonga mara mbili tatu. Anarudi kwenye jiwe. Anabadilisha jiwe, anainua, anagonga tena. Mwishoni husugua unga wa jiwe taratibu, chuma laini kinabaki na ukungu na feleji inang'aa, ndipo ule mstari kati yao unapoonekana. Hakuwa na kipimo chochote mkononi.

Pengo langu hakulijaza, kwa sababu chuma hakijazwi. Alishusha makali yote mpaka chini ya pengo, kisha akajenga upya mteremko, akachimba upya ushimo wa nyuma. Ilimchukua karibu mchana mzima. Kisu kilirudi kikiwa chembamba kidogo kwa kimo, na mpishi mkuu alikishika, akakata figili ukanda mmoja mrefu unaopitisha mwanga, akanirudishia.

Mpini nao usiudharau. Wa kawaida ni wa ho, mti wa Kijapani wa jamii ya magnolia, mwepesi na haunyonyi maji sana, na shingoni una pete ya pembe ya nyati-maji. Msuka wa kisu, ule mkia wa chuma, hupashwa moto na kuchomekwa, unajichimbia nafasi yake wenyewe. Ukichakaa unatolewa na kuwekwa mwingine.

Kwa nini Sakai? Wenyewe huanzia mbali, kwenye makaburi makubwa ya karne ya 5 yaliyopo mjini (la Daisen lina urefu wa mita 486), yaliyohitaji zana nyingi za chuma. Lakini kilichoujengea mji jina la visu ni tumbaku. Wareno waliileta karne ya 16, ikahitaji visu vikali vya kukata majani yawe membamba, na vya Sakai vilipewa muhuri wa ubora na serikali ya shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani wa enzi hizo. Mwaka 1982 ufundi huu uliandikishwa na serikali kuwa sanaa ya jadi.

Si Japani yote iko hivyo. Echizen, mkoa wa Fukui, ambao ulitambuliwa mapema zaidi, mwaka 1979, una wahunzi wengi wanaofua na kunoa wenyewe. Husimulia kwamba mfua panga kutoka Kyoto, Kuniyasu Chiyozuru, alifika kwao mwaka 1337 akitafuta maji mazuri. Wana mbinu ya kufua mabapa mawili yakiwa yamepandana chini ya nyundo, yanatunziana joto na kunyooka pamoja. Kwa kisu cha huko swali lako la mhunzi gani lina jibu rahisi zaidi.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili: nani amefua, na nani amenoa? Duka linalojua kazi yake litakujibu, au litakwambia mafundi wao hawatajwi, na hilo pia ni jibu la kweli, kwani maduka mengi ya zamani huficha majina wasinyang'anywe mafundi. Anayekwambia fundi mmoja kafanya kila kitu kwa kisu cha Sakai, mwulize tena. Na kama ni cha makali upande mmoja, omba picha ya upande wa nyuma, siyo wa mbele wenye urembo. Ule ukingo mwembamba unaozunguka ushimo uwe na upana unaolingana kuanzia kisigino hadi ncha. Ukiipata picha iweke hapa, nitaiangalia.