Ukitaka Kusafiri kwa Baiskeli Bila Kelele za Magari, Fuata Reli ya Zamani

Watu wakinisikia nikisifia safari za baiskeli za Andalusia, kusini mwa Hispania, swali la kwanza huwa la magari: "Huogopi barabara zao?" Siogopi, kwa sababu barabara zenyewe karibu sizipiti. Ushauri wangu wote unaanzia hapo. Kabla hujachagua mji, hoteli wala mandhari, chagua njia ambayo gari haliruhusiwi kuingia. Mengine yatapangika.

Hispania imeirahisisha kazi hiyo. Tangu mwaka 1993 nchi hiyo imekuwa ikigeuza reli zilizoachwa kuwa njia za baiskeli na waenda kwa miguu. Wanaziita Vías Verdes, na leo zimefika zaidi ya kilomita 3,000 nchi nzima. Vyuma na mataruma viling'olewa, tuta likasawazishwa, madaraja yakawekewa sakafu na kingo. Stesheni nyingi zilizokuwa magofu sasa ni migahawa, nyumba za kulala wageni au mahali pa kukodisha baiskeli.

Uzuri wa reli ya zamani ni kwamba garimoshi halikuwa na uwezo wa kupanda mlima mkali. Mhandisi alipokuta mlima aliuzunguka au akautoboa handaki, na alipokuta bonde alilivusha daraja. Jasho hilo lilikwisha kutoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nawe leo unakula matunda yake: mara nyingi mwinuko hauzidi asilimia 2 au 3. Mtu aliyekaa miaka bila kupanda baiskeli ataimudu njia kama hiyo. Mtoto wa miaka kumi ataimudu. Mama mwenye magoti yanayosumbua, ukimkodia baiskeli ya umeme, atakwenda nanyi siku nzima na jioni bado ana hamu ya kutembea.

Njia ninayompendekezea kila anayeanza ni Vía Verde del Aceite, yaani njia ya mafuta ya zeituni. Ina urefu wa kilomita 128 hivi, kutoka mji wa Jaén hadi karibu na Puente Genil katika mkoa wa Córdoba. Reli yake ilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kusafirisha mafuta ya zeituni na madini ya risasi ya Linares, ikafungwa miaka ya 1980. Inapita Martos, Alcaudete, Luque, Zuheros, Doña Mencía, Cabra na Lucena, na kwa sehemu kubwa ya safari huoni kingine ila mizeituni. Mkoa wa Jaén peke yake una zaidi ya miti milioni 60. Imepandwa kwa mistari inayopanda kilima na kushuka upande wa pili, hadi macho yanachoka kuifuata.

Nisikilize hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu safari. Kilomita 128 juu ya tuta la reli mwendesha baiskeli mwenye mazoezi anazimaliza kwa siku moja. Usifanye hivyo. Zigawe katika vipande vya kilomita 30 hadi 45 kwa siku, hata kama miguu yako ina nguvu ya kwenda mara mbili ya hapo. Ukimya una namna yake ya kukuingia. Saa ya kwanza kichwa bado kimejaa simu na kazi. Baadaye unaanza kusikia kokoto zikisagika chini ya matairi, mnyororo unaotaka mafuta, kwale wakiruka kwa kishindo kutoka kwenye majani, hudihudi akiita toka upande usioujua. Mkiwa wawili mnaweza kwenda sambamba mkizungumza kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo barabarani haliwezekani. Mimi na mke wangu tumezungumza mambo mazito ya maisha yetu juu ya tuta lile kwa utulivu ambao nyumbani hatuupati. Mwenye haraka ya kufika hayapati hayo.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni kutoka Alcaudete hadi Doña Mencía. Mpakani mwa mikoa ya Jaén na Córdoba unavuka mto Guadajoz juu ya daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 200. Simama katikati utazame chini. Baadaye unapita karibu na ziwa la chumvi linaloitwa Laguna del Conde, ambalo hukauka kiangazi na kujaa tena mvua zikinyesha, na likijaa, heroe huja. Kutoka mtoni kwenda Luque na Zuheros unapanda, lakini polepole mno hata unaweza usitambue mpaka utazame nyuma. Upande wa kushoto milima ya Subbética inazidi kusogea, kisha Zuheros inajitokeza: kijiji cheupe kilichojishikiza kwenye jabali, na ngome yake juu.

Kumbuka kwamba reli ilijengwa kufuata mizigo, na vijiji vilijengwa juu ili kujilinda na maadui. Kwa hiyo njia ni tambarare, vijiji sivyo. Kutoka tutani hadi mlangoni kwa mwenyeji wako Zuheros, utapanda kwa dakika chache mtaa mkali kuliko mwinuko wowote wa mchana kutwa. Weka akiba ya nguvu, au lala Doña Mencía, ambako stesheni iko jirani na mji na baiskeli za kukodi zinapatikana.

Kuhusu majira sina maneno mengi: nenda Machi hadi Mei, au Oktoba. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 40, na mizeituni ni mifupi, kivuli chake hakikufikii njiani. Usijidanganye kwamba umezaliwa Dar es Salaam au Mombasa na joto unalijua. La kwetu pwani lina unyevunyevu, unajiona ukilowa. La kule ni kavu, jasho linakauka kabla hujalihisi, na unajikuta kichwa kinauma bila kujua kwamba maji yamekwisha mwilini. Beba angalau lita mbili, ujaze kila stesheni yenye mgahawa. Kuanzia Novemba watu wanavuna: nyavu zimetandazwa chini ya miti, mashine zinatikisa mashina, na trekta huvuka njia wakati wowote. Ni wakati mzuri wa kuona kazi yenyewe, na ukipita karibu na kinu harufu ya mafuta mapya inakufikia kabla ya jengo. Lakini siku ni fupi na mvua zipo. Baada ya mvua kubwa, vipande vya udongo hunata kwenye matairi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Siku kama hiyo pumzika.

Usilete baiskeli ya mashindano yenye matairi membamba. Tairi la milimita 38 au zaidi linatosha kwa lami na kokoto pia. Taa ya mbele ni lazima hata mchana, kwa sababu ya mahandaki: baadhi yana taa zinazowaka ukikaribia, mengine giza totoro, na jicho lililotoka kwenye jua lile halioni kitu. Kofia ngumu uivae, maana ukilazimika kuingia barabara ya nje ya mji sheria ya Hispania inaidai. Kama baiskeli ni yako, jua kwamba treni za kasi huchukua iliyokunjwa au kufungwa kwenye mfuko tu. Treni za kawaida za mikoani hupokea baiskeli nzima, ila nafasi ni chache. Kwa anayetoka mbali, kukodi hukohuko ni nafuu ya roho.

Chakula kinataka mpango. Maduka mengi hufungwa mnamo saa nane mchana hadi saa kumi na moja, na Jumapili hayafunguki kabisa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku mara nyingi saa tatu. Badala ya kupigana na ratiba yao, ifuate: endesha asubuhi hadi saa saba, kula, lala, jioni utembee kijijini. Asubuhi agiza mkate wa kuchoma wenye mafuta ya zeituni na nyanya. Kwa sisi tusiokula nguruwe, tahadhari moja: wanamtia mahali usipomtarajia. Salmorejo, ile supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate na kitunguu saumu, kwa kawaida hunyunyiziwa yai na vipande vya nyama ya nguruwe juu. Sema "sin jamón" kabla sahani haijaondoka jikoni. Hakuna atakayekushangaa.

Ukiipenda safari hiyo, ya pili iwe Vía Verde de la Sierra, kati ya Olvera na Puerto Serrano. Ni kilomita 36 tu, lakini ina mahandaki 30 na madaraja makubwa manne, na reli yenyewe haikuwahi kupitisha garimoshi hata moja kwa sababu ujenzi ulikwama. Njiani liko jabali la Zaframagón, lenye mamia ya tumbusi wakubwa wanaozunguka angani juu ya kichwa chako, chukua darubini. Anzia Olvera, kwa kuwa kuelekea Puerto Serrano sehemu kubwa ni mteremko, na panga mapema gari la kukurudisha. Epuka Jumapili na juma la Pasaka, familia za miji ya jirani huijaza.