Tarehe niliyoikosa kwa siku tatu

Tangu nije likizo Ujiji, haipiti jioni bila mtu kufika barazani kuuliza habari za kwenda Uingereza kulea wazee. Wa kwanza alinikuta sijafungua hata mabegi. Ngoja niseme mara moja, kisha nile migebuka yangu kwa amani.

Mlango wa walezi wa wazee umefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya Uingereza tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayekuambia bado upo na anataka hela ya kuanzia, mpe chai umuage. Wauguzi waliosajiliwa wana njia yao, hao ni habari nyingine.

Ila hata wewe unayeomba kwingine, sikia yaliyonikuta.

Desemba 2023 ilitangazwa kwamba walezi watakaoomba hawataruhusiwa tena kuja na wenza wala watoto. Sheria ilianza kazi tarehe 11 Machi 2024. Namba yangu ya udhamini kutoka kwa mwajiri, ile unayoombea viza, ilitoka mwishoni mwa Januari. Namba ile hudumu miezi mitatu, basi nikahesabu hadi Aprili, nikatulia. Kijana aliyenisaidia kujaza fomu naye akaniambia, "Dada, uko ndani ya muda." Muda wa namba, sawa. Wa sheria hakuna kati yetu aliyeutazama.

Kilichonichelewesha ni herufi moja. Cheti cha kuzaliwa cha binti yangu kiliandikwa Zuena, pasipoti Zuwena. Nikasema tutaomba pamoja, nasubiri cheti kirekebishwe. Kiapo kwa wakili, nenda rudi, leo mtandao hakuna, kesho mhusika kasafiri. Nikaja kulipa ada tarehe 14 Machi. Na kwa anayeomba akiwa nje, siku ya maombi ndiyo hiyo ya kulipa ada. Siku ya kupiga alama za vidole haihesabiwi.

Linaloniuma zaidi nililijua baadaye: ningelipia maombi yangu peke yangu Februari, Zuwena angeruhusiwa kunifuata hata baada ya mwaka. Walioomba kabla ya 11 Machi walibaki na haki hiyo. Kwa hiyo sheria ikitangazwa, usiishie kwenye kichwa cha habari. Ingia tovuti ya serikali yenyewe, utafute wanasemaje kuhusu waliokwisha kuomba.

Vyeti vyenu vitoeni leo, msome majina herufi kwa herufi, ya watoto kwanza. Mtihani wa Kiingereza unadumu miaka miwili, waweza kuutanguliza. Kipimo cha kifua kikuu ni miezi sita tu, usikikimbilie ukaja kukirudia. Kigoma hadi Dar, kinakofanyiwa, mnaijua wenyewe.

Cheti cha Zuwena kilitoka Aprili. Mama amekihifadhi chumbani kwake, ndani ya bati la biskuti, na ile W ipo.