SAT au ACT? Kasi yako ndiyo iamue

Vyuo vya Marekani vinavyotaka alama za mtihani vinapokea SAT na ACT, mitihani miwili ya kuombea nafasi chuoni, kwa uzito uleule. Kwa hiyo achana na maneno ya kwamba chuo fulani kinaupenda huu kuliko ule. Angalia unavyokwenda na muda.

SAT ya sasa hufanywa kwenye kompyuta: maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Hesabu ni maswali 44 kwa dakika 70, kama sekunde 95 kwa swali. ACT iliyobadilishwa mwaka 2025 inakupa maswali 45 ya hesabu kwa dakika 50, yaani sekunde 67 tu. Kiingereza chake kinakimbiza zaidi: maswali 50, dakika 35. Hapo ndipo wanafunzi wetu wengi hukwama. Tumezoeshwa kuandika kila hatua ili tupate alama za njia, na huko njia haina alama, jibu tu.

SAT nayo ina mtego. Kila somo lina vipande viwili, na ukivurunda cha kwanza, cha pili kinakuja chepesi na alama za juu kabisa zinakuwa zimeshakupita. Mtu anayechelewa kupata moto aufikirie sana huu. Maswali ya ACT hayabadiliki kwa majibu yako. Upande wa kusoma, SAT ina aya fupi, kila aya na swali lake. ACT ina vifungu virefu, maswali tisa kwa kila kimoja. Sayansi ya ACT sasa ni ya hiari, lakini soma masharti ya chuo chako kabla hujaiacha.

Pakua Bluebook, programu ya kufanyia SAT, ni bure, ufanye jaribio zima kwa muda kamili. Wiki inayofuata fanya la ACT kutoka tovuti yao. Ukikuta hesabu ina maswali 60, hilo ni la zamani, litakudanganya. Kisha linganisha: ACT 24 ni takriban SAT 1180, 27 ni 1280, 30 ni 1370, 32 ni 1430. Alama zikikaribiana, chukua mtihani wenye kituo cha karibu. Ukishachagua, mwingine uuache kabisa. Kusomea yote miwili ni kupoteza miezi.

Katika yote miwili, jibu la kukosea halikatwi alama, kwa hiyo usiache swali tupu.

Kwa SAT, simu haikubaliki. Nenda na kompyuta mpakato au tableti yenye chaji ya saa tatu hadi nne. Intaneti ikikatika katikati, endelea kujibu, Bluebook inahifadhi majibu. Kamilisha maandalizi ndani ya programu siku chache kabla ya mtihani upate tiketi, na jina la usajili lilingane herufi kwa herufi na la pasipoti, kwa sababu kwa jina lisilolingana unaweza kurudishwa mlangoni.