Maswali ya Wasomaji: Nikilipia Nyimbo Kibandani, Je, Nimezinunua?

SWALI: Mhariri, mimi ni mfanyabiashara katika soko la Kibuye, Kisumu, na nimependa benga tangu utotoni. Kuna kijana mwenye kibanda ambaye hunijazia flashi nyimbo kwa shilingi mia moja. Mwanangu anasema huo ni wizi, ilhali yeye hupakua nyimbo bure mtandaoni. Mimi nalipa naye halipi. Inakuwaje niambiwe mimi ndiye mkosaji? Isitoshe, wengi wa wanamuziki niwapendao walikwisha kufariki.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu msomaji, kutoa pesa peke yake hakuhalalishi wimbo, na kutotoa pesa hakuuharamishi. La kuuliza ni kama mwenye wimbo ameridhia usambazwe kwa njia hiyo. Shilingi mia unayotoa hulipia umeme, kompyuta na muda wa kijana wa kibanda. Aliyetunga, aliyecharaza gitaa na aliyegharamia studio hawaoni hata senti. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi mamlaka ya kuamua nani ainakili na kuiuza, kwa hiyo anayefanya biashara ya kunakili bila idhini anaivunja, hata kama bei yake ni ndogo na wateja wake ni watu waungwana kama wewe.

Kuhusu mwanao, inategemea anapakua wapi. Mdundo, huduma iliyoanzia Nairobi, huwaruhusu wasikilizaji kupakua bure kwa makubaliano na wasanii, ambao hugawiwa sehemu ya mapato ya matangazo. Akipakua huko hana kosa lolote. Lakini ikiwa anatumia programu za kuchopoa sauti kutoka kwenye video za YouTube, basi anamnyima msanii hata yale mapato madogo ya matangazo ambayo yangepatikana kama video ingetazamwa ilipo, na hapo hana haki ya kukunyoshea kidole.

Suala la waliofariki linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu watu wengi hudhani kwamba haki huzikwa pamoja na mtunzi. Nchini Kenya haki ya utunzi hudumu kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi, na katika kipindi hicho humilikiwa na warithi wake au yeyote aliyeuziwa. D. O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki mwaka 2006. Nyimbo alizotunga zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2056. George Mukabi, aliyeupa sifa kubwa omutibo, mtindo wa gitaa kutoka Magharibi mwa Kenya, alifariki mwaka 1963, na ulinzi wa tungo zake ulikoma mwisho wa mwaka 2013. Rekodi nazo zina hesabu yake, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka zilipotengenezwa, kwa hiyo rekodi alizozifanya mwenyewe zimekwisha kuwa mali ya umma. Hizo unaweza kuwekewa kwenye flashi bila wasiwasi.

Wanaonihuzunisha zaidi ni walio hai: bendi za benga na ohangla zinazokodi studio kwa fedha zao, kisha zinausikia wimbo katika kila matatu kabla hazijarudisha gharama. Ikiwa unataka pesa zako ziwafikie, nunua rekodi kutoka mikononi mwao wanapotumbuiza, au muulize kiongozi wa bendi kama anauza kwa M-Pesa. Unaweza pia kuweka wimbo wao kuwa mwito wa Skiza, yaani wimbo anaousikia anayekupigia simu, kwani marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliweka sehemu ya mwenye wimbo kuwa angalau asilimia 52 ya mapato. Kwa maoni yangu, nyimbo kumi zilizonunuliwa hivyo zina thamani kuliko mia tano za kujaziwa, ambazo nyingi hutazisikiliza kamwe.

SWALI: Nyimbo zote ninazopiga katika kinyozi changu nimezinunua kihalali. Kwa nini bado nadaiwa leseni ya muziki?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa sababu ulichonunua ni ruhusa ya kusikiliza mwenyewe. Kuupiga wimbo mbele ya wateja mahali pa biashara ni haki nyingine, nayo hulipiwa kupitia vyama vya kukusanya mirabaha ya watunzi, watayarishaji na watumbuizaji. Kabla ya kulipa, mwombe anayekudai akuonyeshe kwamba chama chake kina leseni ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka huu, kwa kuwa leseni hizo hazidumu daima na bodi imewahi kuvinyima vyama, kisha udai stakabadhi na uitundike ukutani.